Neno Lililomrudisha Bi Mize Kitandani

Bi Mize anasali kitandani. Ameegemezwa mito miwili, kitanda kimegeuzwa ili uso wake uelekee kibla, na kila akifika pahala pa kurukuu anainamisha kidevu kidogo. Akifika pahala pa kusujudu anakiinamisha zaidi. Sheria inamruhusu, mgonjwa husali anavyoweza. Lakini mwaka jana mama huyu huyu alikuwa akishuka mwenyewe hadi chini, anaweka paji la uso juu ya msala wake, anainuka, anarudia mpaka anatoa salamu. Nilimwona kwa macho yangu. Baina ya sijda zile na kitanda hiki hakupata kiharusi kingine, hakuanguka, hakuvunjika mfupa. Iliingia picha moja, na juu ya picha hiyo kulikuwa na neno moja.

Nimestaafu. Nyinyi wenzangu vijana mliobaki katika chumba cha mazoezi ya viungo mlinitaka niandike niliyoyaona kazini, na nadhani mlitaraji maneno ya kushukuru. Ya kushukuru yapo, nitayasema pahala pake. Vyeo na mishahara sitavitaja. Anayevitaka avitafute ofisini. Bi Mize si jina lake, na kijiji chake nitakiita kijiji cha karibu na Micheweni. Anayekijua atakijua. Asiyekijua asiulize.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuja na koti jeupe lililonipwaya, saa ya mkononi na pete ya harusi. Aliyenipokea ni Bi Zuhura, muuguzi mkongwe ambaye alikuwa akinyoosha watu viungo kabla hospitali yetu haijajua kwamba kazi hiyo ina jina. Alinitazama toka juu hadi chini.

"Vua saa. Vua pete."

"Kwa nini, Bi Zuhura?"

"Mgonjwa kaja na maumivu yake. Hahitaji kukwaruzwa na utajiri wako."

Chumba chenyewe kilikuwa stoo iliyohamwa. Vifaa vyetu vilikuwa mabomba mawili ya maji yaliyochomelewa sambamba ili mgonjwa ajishike akitembea, kingazi cha vidato vya mbao, kioo kilichopasuka pembeni, mifuko ya mchanga iliyoshonwa kwa mabaki ya turubai, na kanga. Msiidharau kanga. Kanga inafunga, inavuta, inabeba, inasitiri, na ikichoka inafutia sakafu. Vifaa vilivyokuja baadaye kwenye makasha yenye maandishi mazuri vilikufa kwa kukosa betri. Kanga haikufa.

Bi Zuhura alinifundisha mambo mawili ambayo chuoni Bara sikuyapata. La kwanza lilikuwa swali. Alikuwa hamuulizi mgonjwa, "Unaumwa wapi?" Alikuwa akimuuliza, "Jana kitu gani kilikushinda?" Ukimuuliza mtu anaumwa wapi, atakuonyesha mwili mzima. Ukimuuliza kilichomshinda, atakwambia anachokitaka duniani, na hapo ndipo kazi yako inapoanzia.

La pili nililiona katika msimu wa karafuu. Msimu huo kwa wengine ni neema; kwetu ulikuwa msimu wa walioanguka. Aliletwa kijana mmoja, tumwite Kombo, tawi lilimkatikia juu ya mkarafuu. Uti wa mgongo ulikuwa salama, lakini nyonga na mbavu ziliumia vibaya. Kila nilipojaribu kumgeuza alibana pumzi, akakakamaa kama gogo, na maumivu yakazidi. Nikamwambia avute pumzi. Hakunisikia. Nikamwambia alegeze mwili. Akanitazama kama niliyemtukana.

Bi Zuhura akaja akasimama kichwani pake. "Kombo, umehitimu Kurani chuoni weye?"

"Nimehitimu."

"Basi soma. Sura yoyote. Kwa sauti."

Kombo akaanza kusoma. Bi Zuhura akanikonyeza, nikamgeuza. Akageuka. Hakukakamaa.

"Ntu anayesoma hawezi kubana pumzi," Bi Zuhura aliniambia baadaye, akinawa mikono. "Hilo halimo kwenye vitabu vyako?"

Limo, lakini kwa maneno mengine. Nimelitumia muda wote wa kazi yangu. Kwa wazee, nyiradi. Kwa watoto, kuhesabu. Kwa wanawake wanaolima mwani, hadithi za majirani, maana mwanamke anayesengenya naye hawezi kubana pumzi.

Miaka mingi baadaye nilipelekwa Unguja kwenye mafunzo mafupi. Mwalimu wetu alikuwa mama wa asili ya Kihindi, mtu wa fani yetu, aliyekuwa akichanganya mazoezi ya hospitali na yoga aliyojifunza tangu utotoni. Neno la kwanza alilotwambia lilikuwa, "Msikubali niwauzie miujiza." Nikampenda hapo hapo. Akatueleza bila mapambo: kunyoosha mwili polepole kwa kufuata pumzi humsaidia mwenye maumivu sugu ya kiuno kuinuka na kuinama, humwongezea mzee uthabiti ili asianguke ovyo, humtuliza mwenye wasiwasi akapata usingizi, na kwa mwenye shinikizo la damu huwa ni msaada wa ziada pamoja na dawa zake, si badala yake. Kwa aliyepata kiharusi, huukumbusha mwili njia ulizozisahau na kuzuia viungo visikaze. Mshipa uliokufa hakuufufui. Anayesema kunaufufua ni muuzaji.

Nikamsikiliza huku nikimkumbuka Bi Zuhura na Kombo. Nilichukua mikao na pumzi. Nyimbo, majina ya kigeni na ishara za mikono nilimwachia mwenyewe, na hakuchukizwa. "Mgonjwa wako ni wako," alisema. "Mpe kwa lugha yake."

Niliporudi Pemba nikaanzisha darasa la wanawake, nikavipa vitu majina. Mkao wa kupiga magoti na kushika chini kwa viganja, huku mgongo ukipandishwa na kushushwa, tuliuita Paka. Ule wa kusimama wima, mikono juu, ukiyumba kidogo na kurudi, tuliuita Mnazi. Na ule wa kukalia visigino, ukainama mbele mpaka paji la uso likagusa chini na mgongo wote ukalegea, tuliuita Kobe. Neno yoga sikulitamka. Sikuwa nikificha kitu. Halikuwa na kazi. Wanawake wenyewe walilipa darasa jina. Ukiwauliza wanakwenda wapi, walijibu, "Twenda kunyoosha."

Darasa hilo lilikuwa katika kituo kidogo cha afya cha karibu na Micheweni, nilikokwenda kila wiki kutoka kwangu Tibirinzi. Wengi walikuwa wakulima wa mwani. Anayedhani mwani ni kazi nyepesi kwa sababu unaota majini, na ajaribu kuinama maji yanapokupwa mpaka yanaporudi, akifunga vijitawi kwenye kamba, jua mgongoni na chumvi miguuni, kisha abebe mzigo ulioloa mpaka pwani. Viuno vyao vilikuwa vimekaza kama kamba zenyewe. Baada ya miezi ya kunyoosha waliinuka kitini bila kushika ukuta. Mmoja wao, Bi Siti, mwenye ulimi usiolala, alisema sasa ameanza kumsikia mumewe akikoroma, maana zamani usiku alikuwa akiyasikia maumivu yake tu.

"Na faida yake nini hiyo?" nikamuuliza.

"Faida? Hasara tupu, Bi Raya. Nirudishie kiuno changu kibovu."

Bi Mize aliletwa na mwanawe Faki, fundi wa mashine za boti. Alimbeba mgongoni toka barabarani, kwa sababu gari lilikwama. Mama alikuwa amepata kiharusi, si kikubwa, lakini upande wa kushoto ulikuwa mzito na mguu unaburura. Faki alimketisha kitini kwa uangalifu ambao sijauona kwa manesi wengi, akamfunika mtandio vizuri, akatoka nje.

Nikamuuliza lile swali. "Bi Mize, jana kitu gani kilikushinda?"

Sikutarajia ajibu haraka. Alijibu hapo hapo.

"Kusujudu."

"Si kutembea?"

"Kutembea ntabebwa. Kusujudu nani atanisujudia?"

Basi tukaanza na hilo. Nyinyi mnajua sijda inataka nini mwilini: kifundo cha mguu kikunjike, vidole vya mguu vikubali kupinda, goti lifunge, nyonga ifunge, mgongo ushuke, mkono ubebe uzito, halafu yote yarudi nyuma kwa mpango ule ule. Kwa mwili uliopigwa na kiharusi huo ni mlima. Tulianza na Mnazi akiwa amejishika kwenye meza. Paka tuliifanya juu ya kitanda, kwa sababu chini kulikuwa mbali mno. Kobe ilikuja mwisho, kwanza juu ya mito mingi, kisha michache, kisha mkeka mtupu. Alikuwa akivuta uradi huku akishuka, na wengine wakinyamaza kumpisha. Hata Bi Siti.

Siku aliyoweza, hakunijulisha. Nilikuwa nimekwenda kunawa adhuhuri, niliporudi nikamkuta pembeni mwa chumba ametandika msala wake, anasali ya faradhi. Nikasimama mlangoni. Alishuka. Alikaa chini muda mrefu kuliko desturi, nikaogopa kwamba ameshindwa kuinuka, nikaanza kwenda. Bi Siti akanishika nguo. "Muache. Ana ya miezi yote ya kusema." Akainuka mwenyewe. Nimefanya kazi ile tangu ujana na sikumbuki malipo mengine yaliyonitosha vile. Hiyo ndiyo shukurani niliyoahidi kuitaja. Imekwisha.

Baadaye ukaja mradi.

Ulikuwa mradi wa afya na ustawi, na uliletwa na watu wenye nia njema. Mratibu wake alikuwa kijana nadhifu kutoka mjini Unguja. Alikuwa na mwalimu mgeni, Klara, ambaye kwa haki nitasema alikuwa hodari, mpole kwa wazee, na alijifunza kuamkia kabla hajajifunza kuuliza choo kiko wapi. Waliona darasa letu wakalipenda. Wakasema wataliongezea mikeka ya kisasa, rangi ya ukuta na feni. Mimi nilitaka feni.

Ugomvi ulianza kwenye jina. Mratibu alikuja na bango la kitambaa limekunjwa kwapani, akalitandaza mezani: YOGA KWA AFYA NA UPONYAJI.

"Bwana Mratibu," nikamwambia, "hapa tunasema kunyoosha."

"Najua, Bi Raya, lakini mradi umeandikwa yoga. Hauwezi kuitwa kunyoosha."

"Na uponyaji?"

"Ndiyo tafsiri yake. Kwani si mnaponya watu?"

Nikamweleza kwamba kwetu uponyaji ni neno la waganga, na la wale wanaohubiri viwanjani huko Bara na kuwaangusha watu kwa kuwagusa vipaji vya uso. Na lile la kwanza, asiyelijua atalitafuta kwenye simu, na atakachokiona mwanzo ni picha za masanamu. Nikamwambia maneno mawili hayo, kila moja peke yake ni baya, na ukiyaweka pamoja yanasaidiana. Akacheka kwa adabu. Akasema jamii itaelimishwa.

Kuelimishwa kwenyewe kulichukua asubuhi moja. Klara alisimama mbele ya wanawake akalitamka neno kwa mara ya kwanza.

"Uyoga?" Bi Siti akauliza. "Tunapikiwa?"

"Yo-ga," Mratibu akamsahihisha.

"Kuoga? Bwana, miye nshaoga kwangu. Sikuja hapa kuogeshwa na Mzungu."

Chumba kizima kikaangua kicheko, Klara naye akacheka bila kuelewa, na Mratibu akaandika kwamba washiriki wamelipokea neno kwa furaha.

Mikeka ya kisasa ilifika bandarini Wete, ikapelekwa stoo ya ofisi, na huko ikakaa. Nilipoiulizia, nikaambiwa haiwezi kutolewa mpaka ikabidhiwe rasmi, na haiwezi kukabidhiwa mpaka apatikane mgeni rasmi, na mgeni rasmi ana safari. Mikeka ya kituo ilikuwa imechanika, na sakafu, kwa ajili ya picha, ilikuwa imepigwa rangi mpya inayoshika nguo. Mratibu akawatangazia wanawake siku ya wapiga picha: kila mtu aje na cha kutandika kutoka kwake.

Mwanamke wa Pemba akiambiwa aje na cha kutandika, safi, cha kumtosha mtu mmoja, cha kuwekea paji la uso, ataleta nini? Walileta misala yao. Ile mizuri, yenye michoro ya msikiti na kuba, waliyoletewa na ndugu waliokwenda Hija. Walitaka kutoka vizuri katika picha.

Nilipofika, bango lilikuwa limeshatundikwa kwenye ukuta wa kusini, kwa sababu mpiga picha alisema huko ndiko kwenye mwanga. Kibla chetu ni kaskazini. Klara alikuwa ameketi chini ya bango, miguu amekunja, viganja vyake vimekutana kifuani, kama wanavyofanya wao wakianza na kumaliza. Wanawake walikuwa mbele yake juu ya misala yao, wote wamo katika Kobe. Nikasema, "Simamisheni." Mpiga picha akasema ameshamaliza.

Mtu anayejua kilichokuwa kikitendeka aliona wanawake wakipumzisha viuno. Asiyejua aliona wanawake wa Kiislamu wakiwa kwenye sijda, juu ya misala, wamekipa kibla mgongo, mbele ya mwanamke wa kigeni aliyekunja miguu kama sanamu, na juu ya vichwa vyao YOGA na UPONYAJI kwa herufi kubwa. Mimi nilikuwa najua, na nilipoiona ile picha kwenye simu nilishtuka.

Watu wa mradi waliirusha wenyewe, kwa fahari. Kabla ya magharibi ilikuwa imefika kwenye makundi yote ya WhatsApp ya kaskazini, ikifuatana na sauti ya mtu asiyejitaja: "Ndugu zangu, tazameni mama zetu wanamsujudia nani." Wiki iliyofuata nilikuta chumba kitupu. Feni ilikuwa imeshafungwa darini, inazunguka vizuri.

Nikaenda kwa Bi Mize. Faki alikuwa barazani akifungua kabureta, mikono yote mafuta. Hakuinuka, lakini hakunikosea adabu.

"Karibu, Bi Raya. Ukija kumtazama mama, mlango wako. Ukija kumkunja, hapana."

"Faki, wewe ulimleta mwenyewe."

"Nilimleta. Nilimbeba mgongoni nikakuletea mama mgonjwa. Weye umenirudishia mama yumo kwenye picha. Boti nzima inanionyesha. 'Faki, huyu si mama yako? Mbona kamgeuzia Mungu mgongo?'"

"Unajua si kweli."

"Miye najua." Akapuliza tundu la kabureta. "Nikamjuze nani?"

Nilidhani kizuizi ni yeye, na kwa Faki ningepata njia. Ni mtoto mwenye huruma. Nikaingia ndani. Bi Mize alikuwa amekaa kwenye kiti, msala wake umekunjwa juu ya kabati, juu kabisa, asipoufikia.

"Faki atakubali," nikamnong'oneza. "Tutafanya humu humu ndani, wewe na mimi."

"Faki simuogopi. Nimemzaa." Akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. "Namuogopa Mungu. Bi Raya, sijda zangu zile, nilizozipata kwa njia ile, zimekubaliwa?"

Mimi ni mtu wa viungo. Nilimwambia ninavyoamini, kwamba nia yake ilikuwa safi na hakumsujudia mtu. Akanisikiliza kama unavyomsikiliza fundi cherahani akikueleza habari za moyo.

"Shehe akisema ni sawa, ntafanya. Akisema si sawa, ntaacha na ntalipa sala zangu zote. Lakini mpaka aseme, siendelei."

"Bi Siti anaendelea kwake. Anafunga mlango, na akikutwa chini anasema anatafuta sindano."

"Siti na sindano yake. Miye sala yangu siifanyii ujanja."

Basi nikaenda kwa Shehe, imamu wa msikiti wao. Ninachokiandika sasa nimekiombea ruhusa yake. Alisema, "Andika, jina usitie, kijiji usitie," na ndiyo sababu mmekosa vyote viwili.

Shehe alikuwa mgonjwa wangu. Goti lake lilikuwa bovu kiasi kwamba akiongoza sala, baina ya takbira ya kushuka na ya kuinuka watu walikuwa wakimngoja chini, na wazee walishaanza kunong'ona kuhusu imamu mwingine. Nilimtibu nyumbani kwake, faragha, kwa vitu vile vile nilivyowapa wanawake. Hata majina yale yale. Alipona vizuri, kwa sababu ni mtu wa nidhamu.

Nilimkuta barazani baada ya alasiri, amekaa amekunja miguu yote miwili, bila mto.

"Goti vipi, Shehe?"

"Alhamdulillahi."

"Kobe unafanya?"

Akatazama mlango wa ndani, akatazama njia. "Kila baada ya alfajiri," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi sema."

"Niseme nini, Bi Raya?"

"Sema unachokijua. Kwamba ni mazoezi."

Akavuta tasbihi. "Wapo waliosoma kuliko miye, kwenye simu wanasema haramu moja kwa moja. Nikisimama nikasema halali, watauliza, 'Shehe naye kanunuliwa na mradi?' Nikisema haramu, ntakuwa mwongo mbele ya goti langu. Neno hili bado la moto. Liache lipoe."

"Mwili wa Bi Mize haupoi, Shehe. Unakaza. Kila wiki anayokaa kitako, mguu unakaza zaidi, na ukishakaza kabisa hata ukisema hautasikia."

"Mwambie asubiri. Nasoma."

"Goti lako halikusubiri usome."

Akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Hilo usilisemee nje."

"Siri ya mgonjwa siitoi."

Na sikuitoa. Nilirudi kwa Bi Mize nikiwa na jibu lote mdomoni na nisiweze kulitema: kwamba mtu anayemngojea aseme huamka kila siku akafanya kile kile. Chuoni hutufundisha siri ya mgonjwa katika somo fupi kabla ya chakula cha mchana. Hawasemi kwamba siku moja utachunga siri ya mgonjwa mmoja huku mwingine akilemaa mbele yako.

Klara alijitolea kurekodi maneno ya kuomba radhi na kueleza. Mratibu alimkataza, ingeharibu sura ya mradi. Mradi ulifungwa kwa wakati wake, na taarifa yake nimeiona. Ina karatasi nzuri. Picha ile ile ndiyo iliyowekwa kwenye jalada.

Siku ya kuniaga ofisini, walifungua stoo kutoa viti. Mikeka ilikuwa imo ndani, imeviringwa na nailoni zake, rangi ya zambarau. Nikamuuliza mtunza stoo inangoja nini. Akasema mgeni rasmi. Nilipewa saa ya ukutani. Mtu anayemaliza kazi apewe saa, sijui wanataka aitazamie nini.

Sasa kwenda Micheweni ni kwa nauli yangu na hiari yangu. Ijumaa iliyopita nilikwenda. Bi Mize amehama kwenye kiti, yuko kitandani, na anatoka kwa kushikwa tu. Nimeruhusiwa kumpaka mafuta na kumshika mkono, jambo ambalo halina jina baya. Niliushika wa kushoto. Vidole vimeanza kujifunga ndani ya kiganja. Ukivifungua vinakuja, lakini kwa kusitasita, na vikiachwa vinarudi. Nikashika na mguu. Kisigino kinavutwa juu. Vidole vya mguu, vile vinavyotakiwa kupinda katika sijda, vimenyooka kama vya mwanasesere. Nyinyi mnajua maana yake. Bado kuna nafasi, si kubwa.

Faki alileta chai akaiweka, akasimama mlangoni akiniangalia ninavyoushika ule mguu. Hakuondoka.

"Shehe kashasema?" Bi Mize akauliza.

"Bado."

"Basi tusubiri."

Ikaadhiniwa alasiri. Faki akamwekea maji ya udhu, akamweka sawa mito, akaenda msikitini. Mimi nikasogea nyuma. Kipaza sauti cha msikiti kiko karibu na nyumba ile, kila takbira inaingia dirishani. Shehe akaleta ya kurukuu, Bi Mize akainamisha kidevu. Akaleta ya kushuka kwenye sijda, akakiinamisha zaidi. Nikawa nasikiliza baina ya takbira, kama ninavyosikiliza mwendo wa mgonjwa anapokuja ukumbini. Ya kuinuka ikaja kwa wakati wake, bila kuvuta, sauti haikukwama. Goti zima.

Leo ninapomaliza kuandika haya, Shehe hajasema.